Mbuzi Aliyebisha Hodi Kyuso

Sultan Hamud,
Jumapili, baada ya ibada

Dada yangu Kalekye,

Bwana asifiwe. Nimeanza na hilo kwa sababu ndivyo tulivyolelewa, na kwa sababu nikianza na yaliyo moyoni utaikunja barua hii kabla ya kufika mstari wa tatu. U mzima? Shemeji Musyoka naye, mgongo umepoa au bado anatembea akiwa ameshika kiuno? Mama yetu Mwaitu aliniambia kwa simu kwamba mvua imeshaanza huko Kyuso na mmepanda ndengu shamba lote la chini. Nimefurahi, maana msimu uliopita mlivuna majani. Mimi ni mzima wa mwili. Huku joto ni lile lile, malori ni yale yale, na chumba nilichopanga nyuma ya duka la mbao bado kinavuja upande wa kitanda. Nimekisogeza kitanda.

Utashangaa kuona karatasi. Najua utamwambia shemeji, si angepiga simu tu. Nimepiga, Kalekye. Nimepiga mara tatu, na kila mara nikikaribia jambo lenyewe unalimaliza wewe. Unaniambia ninachotaka kusema, unakijibu, halafu unaniuliza kama nimekula. Karatasi huwezi kuikatiza. Nimempa barua hii mwalimu mwenzangu anayekuja Mwingi kuwaona wakwe zake, naye ameahidi kufika hadi Kyuso na kukupa mkononi. Nimemkataza kumpa Mwaitu, kwa sababu Mwaitu angemtafuta mtu wa kumsomea, na sitaki asomewe haya na mtu wa nje.

Nitaanza mwanzo, hata kwa yale unayoyajua, kwa sababu unayajua kutoka upande wako tu.

Desemba iliyopita tulikaa mimi na wewe nyuma ya jikoni, tukiambua kunde za Krismasi, tukawa tunalia juu ya watoto wetu wa chekechea. Nilikueleza kwamba wangu wanaimba, wanarudia a e i o u mpaka ng'ombe wa jirani wanajua, lakini ukimwuliza mtoto amekula nini asubuhi anatazama miguu yake. Ukasema wako ni hivyo hivyo, na afadhali wangu wanaona treni. Hapo ndipo tulipopata wazo letu. Watoto wangu waanze hadithi, niirekodi kwa simu, nikutumie. Wako wasikilize, waiendeleze, unirudishie. Kila Jumatano. Kwa Kikamba, lugha waliyotoka nayo nyumbani, maana mtoto wa miaka mitano hawezi kukusimulia jambo kwa lugha asiyoota nayo. Na ni wewe, si mimi, uliyeweka sheria. Ulinyosha kidole chenye maji ya kunde ukasema, "Mwalimu ashike simu. Asishike mdomo wa mtoto." Nilikucheka, nikakuambia unaongea kama mkaguzi wa elimu. Lakini niliiandika sheria hiyo kwenye jalada la daftari langu la maandalizi, na bado ipo.

Mwanzoni ilikuwa furaha tupu, sitadanganya. Watoto wangu walianza na mbuzi mwekundu anayeitwa Katune, aliyepanda treni hapa Sultan Hamud bila kumwambia mtu. Walibishana asubuhi nzima kama mbuzi anakatiwa tikiti. Nilikutumia, na Jumatano iliyofuata wako, ambao hawajawahi kuiona treni, wakauliza hiyo treni inalala wapi na nani huifungia zizi. Nilicheka peke yangu chumbani mpaka mwenye nyumba akagonga ukuta. Wangu walikasirika kabisa kwamba kuna watu duniani wasiojua treni, wakawaeleza kwa dakika nne. Unakumbuka zile dakika nne? Watoto walewale waliokuwa wakitazama miguu yao. Kisha wako wakamshusha Katune kwenye treni kwa nguvu kwa sababu hakuna aliyempa maji, wakamtembeza kwa miguu kuelekea kwenu, na kila wiki alikuwa akikaribia.

Ilinigharimu pia, na hilo sikukuambia. Mama mmoja alikuja mpaka mlangoni mwa darasa akisema hakumnunulia mtoto wake sare aje kufundishwa Kikamba, Kikamba atakipata kwa mbuzi bure. Mwalimu mkuu wangu, yule mtu wa tai hata kwenye jua la saa nane, akaniita ofisini akaniuliza kama nataka wazazi wahamishe watoto waende akademi za kando ya barabara. Nilimwambia anipe mwaka mmoja. Nilimwambia tuko shule mbili, kwamba Kyuso wanafanya vilevile, na kwamba mwalimu wa huko ni dada yangu. Nilikutaja kama mtu anavyotaja mdhamini.

Sasa nije kwa Kasiva. Huyu nilikuwa nakutajia juu juu, na wewe ulikuwa unasema, "Ehe, yule bubu." Si bubu. Analelewa na babu yake, Mzee Nzioka, aliyepasua mawe kwa baruti kwenye machimbo ya kokoto miaka mingi mpaka masikio yakafa. Mama yake anafanya kazi Mombasa, huja Krismasi. Kwa hiyo nyumba ile ina watu wawili, na mmoja hasikii. Mtoto amekulia mahali ambapo kusema hakuleti chochote. Akitaka uji anasimama mbele ya babu na kushika kikombe. Akitoka nje akirudi hawezi kuita. Anaingia, anazunguka mpaka machoni pa mzee, ndipo anaonekana. Alikaa kwangu muhula mzima bila neno. Anasikia kila kitu, ukisema mstari anapanga mstari, lakini mdomo umefungwa.

Aliyemfungua si mimi. Ilikuwa Jumatano ya Mei, watoto wanatafuta Katune atasema nini akikutana na mbwa, kila mmoja anapiga kelele, na Kasiva akaja akanivuta sketi. Akaonyesha simu. Nikamsogezea. Akaiambia simu, si mimi, kwa sauti ndogo lakini safi kabisa, kwamba Katune alimwambia mbwa asimbwekee, yeye ni mgeni na amechoka. Halafu akaniuliza, na hilo lilikuwa swali lake la kwanza kwangu, kama wale watoto wa Kyuso watasikia. Nikamwambia watasikia. Na kweli walisikia, maana Jumatano iliyofuata watoto wako walisema mbwa aliomba msamaha akampa mgeni mfupa, na mgeni akakataa kwa adabu kwa sababu mbuzi hali mfupa. Ungeuona uso wake. Kutoka siku hiyo yeye ndiye aliyekuwa mdomo wa Katune. Wenzake walipanga safari, mito, watu wabaya, lakini Katune akitakiwa kusema, walimgeukia Kasiva, na Kasiva akasema.

Majirani walimwandikia Mzee Nzioka kwenye mchanga kwamba mjukuu wake anaongea. Hakuamini. Alikuja shuleni asubuhi na kofia yake mkononi, akasimama katikati ya darasa, akaniashiria kwamba mtoto aongee. Nikampa Kasiva simu. Alipoanza kusema, mzee alipiga magoti, kwa shida, akaweka kiganja chake chote kwenye koo la mtoto na kukiacha pale. Alikaa hivyo mpaka maneno yakaisha. Kisha akaniambia kwa ile sauti kubwa ya viziwi, "Inatetemeka. Kweli kuna kitu." Nililia, Kalekye, mbele ya watoto thelathini na wawili, na mmoja wao akanipa kitambaa chake cha makamasi.

Hayo yote nilikusimulia. Ulisema Mungu ni mwema. Kwa hiyo ulijua.

Juni ndipo Katune alipofika Kyuso. Watoto wangu walimfikisha kwenye nyumba moja, saa sita mchana, ana kiu, na mlango umefungwa. Wakamwachia Kasiva. Alifikiri muda mrefu sana, nikidhani amekwama. Kisha akasogea karibu na simu akasema, "Hodi. Kuna mtu humu?" Mmoja akataka kuongeza kitu, Kasiva akamziba mdomo kwa mkono. Alitaka iishie pale. Aliniambia kwamba sasa ni zamu ya watoto wa Kyuso, na sisi tukae kimya wasije wakakosa kusikika.

Nadhani nawe unaelewa kwa nini mtoto wa nyumba ile aliweka mbuzi wake mbele ya mlango na kuuliza kama kuna mtu. Mimi nilielewa palepale. Nilikutumia na nikakuandikia chini yake kwamba hii ni ya Kasiva.

Jumatano iliyofuata, hakuna. Nikakupigia, ukasema mtandao. Jumatano ya pili, hakuna. Ukasema mna maandalizi. Kasiva alikuwa akija asubuhi, kabla ya kuvua mfuko mgongoni, anatazama simu yangu mezani, kisha ananitazama. Nilimwambia Kyuso ni mbali. Alikubali. Jumatano ya tatu ikaingia sauti, na nikawakusanya wote kwenye mkeka kwa shangwe, bila hata kuisikiliza kwanza. Hilo ni kosa langu na ninalikiri. Nilikuamini, sikuona haja ya kuonja kabla ya kupakua.

Unajua kilichokuwemo. Sauti zote za darasa kwa mkupuo mmoja, safi, zinapanda na kushuka pamoja kama kwaya ya mashindano. Kiingereza, kisha Kiswahili cha magazeti, kisha Kiingereza. Katune alikuwa amevaa sare. Katune alikuwa amesoma kwa bidii, amekuwa daktari, anawashukuru wafadhili na serikali ya kaunti kwa kumjengea darasa. Mwishoni watoto wakasema asante wageni wetu, karibuni tena, na mtu akapiga filimbi. Mlango haukuwepo. Hodi haikuwepo. Niliijua kalamu yako katika kila mstari, maana wewe hata risala za harusi unaziandika hivyo.

Watoto wangu walikaa midomo wazi. Hawakuelewa zaidi ya neno Katune. Na mimi, kwa aibu, kwa kutojua nifanye nini na mikono yangu, niliwaambia wapige makofi. Wakapiga. Kasiva hakupiga. Alisubiri makofi yaishe, akasema, "Hawakusikia." Nikamwambia walisikia, ila walikuwa na haraka. Alinitazama, na nikajua kwamba anajua nasema uongo. Tangu siku hiyo hakusema tena. Si kwa simu, si kwangu, si kwa watoto wenzake. Muhula wa tatu wote umepita. Akitaka kwenda nje anasimama mbele yangu na kushika mlango.

Agosti kikaja kile kitabu, Katune wako wa sare aliyechapishwa na wale wageni wenu wafadhili. Kilifika kwa basi kikiwa kimefungwa kwa karatasi ya kung'aa, na picha yako nyuma umevaa kitambaa kipya cha kichwa, na chini imeandikwa kwamba hadithi imetungwa na watoto wa shule mbili chini ya uongozi wako. Umependeza. Mwalimu mkuu wangu amekiweka kwenye kabati la vioo na sasa ananiuliza kwa nini mimi sikuweza kufanya kama dada yangu. Kasiva alipewa akiguse siku moja kabla hakijafungiwa. Alikifungua ukurasa baada ya ukurasa akitazama picha. Alikuwa anatafuta mlango, Kalekye. Alipofika mwisho alikirudisha mezani taratibu, akaenda kukaa.

Mpaka hapo nilikuwa nimeamua kunyamaza. Nilijiambia una mkataba wa kaunti unaokwisha Desemba, una mwalimu mkuu anayekupumulia shingoni, una wageni wanaokuja na magari meupe na kamera, na kwamba watoto wako, kama wangu kabla ya Katune, walipewa hodi wakatazama miguu yao, ukakosa la kutuma, ukajitungia. Nilikuhurumia. Nilisema angalau hakuna kilichopotea, hapakuwa na jibu.

Kisha wiki mbili zilizopita nikampigia Mwaitu. Ulikuwa umeenda mazishini, akawa na simu peke yake, na akawa anajisifu kama kawaida kuhusu uji wake pale shuleni kwenu, jinsi watoto wanavyomaliza sufuria. Katikati ya habari za uji akasema, bila kujua anachosema, kwamba hajawahi kuona fujo kama ya siku ile watoto walipomkaribisha mbuzi. Nikamwuliza mbuzi gani. Akasema yule wa kwenye simu, yule aliyebisha hodi. Akanieleza kwamba uliwachezea sauti nje, karibu na moto wake, na mtoto wa simu alipouliza kama kuna mtu, darasa lako zima liliruka. "Walipiga kelele Lika, Lika, ingia, mpaka mwalimu mkuu akatoka ofisini akidhani kuna nyoka," alisema. Mmoja akakimbia kwenda kuchota maji kwenye kikombe cha Mwaitu. Mwingine akasema asiingie, atakula unga, wakagombana, wa unga akasukumwa akalia. Jogoo akawika. Mtoto mmoja akasogea kwenye simu yako akamwambia mbuzi asiwajali hawa, aje akae kwake, kwao kuna kivuli. Na wewe ulikuwa unarekodi. Mwaitu alikuona umeinua simu.

Nikamwuliza basi ile sauti ilienda wapi. Akasema uliisikiliza mara moja, ukakunja uso, ukasema hii ni fujo, wageni watatucheka. Ukaifuta. Siku iliyofuata ukaanza kuwapanga kwenye mistari.

Nilimuaga Mwaitu kabla hajazirudia habari za uji.

Sikia sasa, na usinikatize. Ungekuwa hukupata jibu, ningekusamehe kabla ya kulala. Ulipata. Ulipata jibu ambalo mimi na wewe tulikuwa tukilitamani tangu zile kunde, watoto wasiosema wakisema wote kwa pamoja, wakigombana kwa Kikamba kuhusu unga, na ukaona haya. Ulimwonea haya jogoo. Ulichagua kile ambacho hata mgeni mwenyewe alikuwa amekisikia katika kila shule aliyopita wiki ile.

Na si mara ya kwanza, ndiyo maana nimekasirika hivi. Umenisemea tangu nikiwa mdogo. Mimi nilichelewa kuongea, nyumbani wote wanajua, Mwaitu hulisimulia kama kichekesho. Mtu akiniuliza jina, unajibu wewe. Siku ile kanisani, mhubiri mgeni aliponisimamisha mbele niseme mstari wa moyo, nilikuwa nao, Kalekye. Nilikuwa nao wote. Nilikuwa naukusanya tu, kama mtu anavyokusanya pumzi kabla ya kubeba ndoo. Na sauti yako ikatoka nyuma yangu, kubwa, bila kukosea, mpaka mwisho. Watu wakapiga makofi. Ukapewa biskuti ukanigawia nusu, na mimi nikaila. Ulidhani umeniokoa. Nadhani mpaka leo unadhani hivyo. Nimekuwa mwalimu wa watoto wadogo kwa sababu ya siku ile, na sikuwahi kukuambia, kwa sababu kila nikitaka kukuambia unakuwa tayari umeshaanza kusema.

Ulisema kwenye simu mara ya mwisho kwamba ni mchezo tu wa watoto, watasahau. Mwalimu mkuu wangu amejaza fomu. Kwenye nafasi ya Kasiva ameandika kwamba hana lugha, abaki chekechea mwaka mwingine. Nilimbishia akaniuliza ni nani mwingine amemsikia akiongea muhula huu, na sikuwa na wa kumtaja. Sauti zake za Mei na Juni nilizifuta baada ya kukutumia kwa sababu simu yangu hujaa haraka, na nilijua ziko salama kwako. Mzee Nzioka naye alikuja Jumatatu. Hakuvua kofia. Aliniambia kwa ile sauti yake kwamba mwakani hamrudishi, heri abaki amsaidie na kuku, shule imemnyamazisha. Hakusema kwa ubaya. Alinishukuru hata kwa uji.

Kwa hiyo sikuombi uniombe msamaha, najua unavyoomba, utalia kisha nitakuwa ninakubembeleza mimi. Naomba vitu viwili. Kwanza, kama sauti za Kasiva bado zimo kwenye simu yako, zitume, zote, nimpelekee mwalimu mkuu kabla fomu hazijaondoka. Pili, wakusanye wale watoto wako karibu na moto wa Mwaitu, wachezee hodi ile tena, na uinue simu. Usiwapange. Usiwaandikie. Yule wa unga aachwe aseme habari ya unga. Jogoo akiwika, awike.

Nisalimie Mwaitu, umwambie nimepata zile njugu alizotuma na kwamba asijilaumu kwa jambo lolote aliloniambia, hakufanya kosa. Msalimie shemeji Musyoka, apunguze kubeba magunia. Mtoto wako Mwende mwambie mama yake mdogo ana penseli zake za rangi, atazipata Krismasi. Mwalimu mkuu wenu msalimie au usimsalimie, utakavyoona. Mchungaji mwambie bado naimba, hata huku.

Kuna jambo moja nilikuwa nikilirudisha nyuma wakati wote naandika. Ijumaa nilimwambia Kasiva. Nilimkalisha peke yake kwenye mkeka wenzake wakinywa uji, nikamwambia kwamba nilimdanganya, kwamba watoto wa Kyuso hawakuwa na haraka, walisikia na walijibu. Nikamweleza kila kitu alichosema Mwaitu, maji kwenye kikombe, unga, kivuli. Nikamwambia kwamba mwalimu wao aliifuta sauti ile kwenye simu. Alisikiliza huku akichora mkekani kwa kidole. Kisha akasema, na hayo ndiyo maneno ya kwanza kutoka kwake tangu Julai, "Walikuwa wamekosa nini, mpaka mwalimu wao akawafuta?"

Nilimwambia sijui, nitakuuliza. Shule inafungwa Alhamisi ijayo. Mpigie kabla ya hapo, saa nne, saa ya uji, umjibu mwenyewe. Mimi nitamshikia simu tu.

Mdogo wako,
Mumbua